1016 ya simu si hewa ya Nakuru

"Simu inasema 1016, basi huo ndio mgandamizo wa hewa hapa Nakuru." Sivyo. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na barometa (kifaa cha kupima mgandamizo) isiyorekebishwa husoma hapo kati ya 810 na 820 kwa kipimo kile kile cha simu, hektopaskali. Kisumu, kando ya ziwa, ni karibu 885. Simu hukuonyesha hesabu iliyokwisha kushushwa hadi usawa wa bahari, ambako wastani ni 1013, ili watu wa hali ya hewa waweze kulinganisha Mombasa na Kericho bila milima kuwavuruga. Wao inawafaa. Anayechemsha githeri Nakuru haimfai kitu: kwa mgandamizo mdogo wa hapo, maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hata akichochea kuni vipi hayatapanda zaidi. Atafute sufuria ya presha.

Kisha kuna wale wanaoamini namba ikishuka alasiri, mvua iko njiani. Huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo hupanda hadi saa nne asubuhi hivi, halafu hushuka hadi saa kumi jioni, kama hektopaskali tatu au nne, mvua iwepo isiwepo. Kwa kuwa mvua nyingi za Kisumu hupenda kuja mchana na jioni, ni rahisi kudhani barometa imetabiri. Ulaya kanuni hiyo husaidia kweli. Hapa tazama mawingu.

Dhana inayokula pesa za watu ni ya pampu: "Nikinunua yenye nguvu zaidi, itavuta maji kutoka kina chochote." Pampu ya petroli iliyowekwa juu ya kisima haivuti kitu. Inaondoa hewa ndani ya mpira wa maji, na hewa ya nje, inayokandamiza uso wa maji kule chini, ndiyo inayoyasukuma kupanda. Mafundi wa Italia waliligundua hili kwa uchungu: pampu zao ziligoma kupita mita 10 hivi. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli akatumia zebaki, iliyo nzito mara 13.6 kuliko maji. Alijaza bomba la kioo, akaliziba, akalipindua ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ikashuka kidogo, ikasimama kwenye sentimita 76 hivi. Hiyo ndiyo barometa, na ndiyo sababu wengine bado hupima hewa kwa milimita za zebaki.

Bomba lile lile ukilisimamisha Nakuru, zebaki itasimama kwenye sentimita 61 hivi. Kwa maji, hiyo ni mita 8.3 tu, Kisumu mita 9, na hapo tunasema pampu kamilifu isiyopitisha hewa popote. Ukihesabu msuguano wa mpira na viungo vinavyovuja, mita 6 tayari ni kazi. Kwa hiyo anayeuziwa injini kubwa zaidi kwa kisima cha mita 12 ameuziwa kelele.

Kuhusu Iten, mji wa nyanda za juu, watu husema hewa yake "ina asilimia ndogo ya oksijeni". Asilimia ni ile ile 21 iliyoko Kisumu. Kilichopungua ni mgandamizo, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo.

Na tairi iliyolala, geji ikisoma sifuri, bado ina hewa ndani. Geji hupima kilichozidi hewa ya nje, basi. Jaza psi 30 Kisumu, panda kupitia Kericho na Mau Summit, ushuke Nakuru: tairi ikipoa hadi joto lile lile la mwanzo, geji itasoma karibu 31 bila mtu kuongeza upepo.

Mwenye kisima cha mita 12 ana njia mbili. Aishushe pampu ya umeme hadi karibu na maji, au anunue ile ya kuzamishwa, inayosukuma maji kutoka chini. Ikishakuwa chini, ukubwa wa mota ndipo unapoanza kuhesabika.