Marufuku ya pombe, na jinsi ilivyowatajirisha majambazi

Marufuku ya pombe ni sheria inayokataza kutengeneza, kusafirisha na kuuza kileo. Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Marekani, kuanzia tarehe 17 Januari 1920 hadi tarehe 5 Desemba 1933. Marekebisho ya 18 ya Katiba yaliweka katazo lenyewe, na Sheria ya Volstead ikaweka kipimo: kinywaji chenye kileo cha asilimia 0.5 au zaidi ni haramu. Wengi husahau kwamba kunywa hakukukatazwa. Aliyekuwa na chupa zake nyumbani kabla ya siku hiyo aliruhusiwa kuzimaliza. Sheria ilimwandama muuzaji, ikamwacha mnunuzi na kiu yake na pesa yake mfukoni.

Pombe iliendelea kupatikana kwa njia nyingi. Wiski ilivuka Mto Detroit kutoka Canada kwa mashua, na majira ya baridi maji yakiganda ilivushwa kwa magari juu ya barafu. Nje ya New York na New Jersey meli zilitia nanga ng'ambo ya maili 3 za mpaka wa bahari, zikauzia boti ziendazo kasi. Mwaka 1924 mstari ulisogezwa hadi mwendo wa meli wa saa moja kutoka pwani, kama maili 12, na kazi hiyo ikabaki kwa wenye boti kubwa na mtaji. Daktari aliruhusiwa kumwandikia mgonjwa wiski, takriban nusu lita kwa kila siku 10. George Remus, wakili aliyehamia Cincinnati, alinunua viwanda vya wiski pamoja na kampuni za dawa, akawa anajiuzia mwenyewe kwa vibali halali, kisha watu wake wanayateka malori yake njiani na mzigo unaingia magendo.

Njia mbaya kuliko zote ilikuwa spiriti ya viwandani. Serikali iliagiza itiwe sumu, hasa methanoli, ili isinyweke. Magenge yaliajiri wakemia waikeneke upya. Lakini methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na kileo cha kunywa kwenye nyuzi 78, tofauti ndogo ambayo mtambo wa haraka hauwezi kuitenganisha vizuri. Baadhi ya waliouziwa mabaki hayo walipofuka, na wengi walikufa.

Bia, ambayo watu huiona nyepesi, ndiyo iliyoharibu miji zaidi. Wiski hufichika: chupa chache kwenye sanduku la gari zina thamani kubwa. Bia ni maji mengi yenye thamani ndogo. Inahitaji matangi makubwa, mvuke, harufu ya kimea inayojaa mtaa mzima, mapipa na malori ya kila siku. Zaidi ya hayo, viwanda viliruhusiwa kutengeneza bia isiyo na kileo, na ili kuipata ilibidi kwanza watengeneze bia kamili, kisha waondoe kileo hadi kishuke chini ya 0.5. Kuiuza kabla ya hatua hiyo ya mwisho kulihitaji kitu kimoja tu: mkaguzi asiyeangalia. Kwa hiyo mfanyabiashara wa bia hakuwa na njia ya kujificha polisi. Ilibidi awanunue.

Na rushwa ya aina hii haiishii kwa askari mmoja. Ukimlipa askari wa mtaani, mkuu wa kituo anaweza kukuvamia. Ukimlipa mkuu wa kituo, mwendesha mashtaka anaweza kukushtaki. Ukimlipa yeye, uchaguzi ujao unaleta mwingine. Mlolongo wote lazima ulipwe, na malipo hayo huzidi uwezo wa mpishi mdogo wa pombe. Ndiyo maana soko haramu huwaondoa wadogo na kukuza genge moja kubwa, na ndiyo maana genge hilo huanza kupanga nani achaguliwe. Aprili 1924, huko Cicero jirani na Chicago, watu wa Johnny Torrio na Al Capone, wakuu wa genge la pombe la Chicago, waliingia kwenye vituo vya kura na bunduki.

Upande wa serikali kuu, mawakala wa marufuku waliwekwa chini ya Wizara ya Fedha. Walianza kama 1,500 kwa nchi nzima, kwa mshahara mdogo, na hadi 1927 waliajiriwa bila mtihani wa utumishi wa umma. Nafasi ziligawiwa na wanasiasa kama zawadi. Kumlaumu wakala mmoja mmoja kwa tamaa ni kukwepa swali la aliyeuweka mfumo huo.

Damu nayo ina maelezo yake. Mkataba wa biashara haramu hauna mahakama. Mei 1924 polisi walivamia kiwanda cha bia cha Sieben, Chicago, na Torrio akakamatwa. Dean O'Banion, mshirika wake, alikuwa amemuuzia sehemu yake ya kiwanda hicho huku, kwa masimulizi yanayokubalika, akijua uvamizi unakuja. Mfanyabiashara halali angedai fedha zake kwa wakili. Novemba O'Banion aliuawa ndani ya duka lake la maua, Januari 1925 Torrio naye akapigwa risasi, akapona na kumwachia Capone usukani. Capone hakufungwa kwa pombe wala mauaji. Mwaka 1931 alihukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi ya mapato, kwa kuwa Mahakama Kuu ya nchi ilishaamua mwaka 1927 kwamba hata pato haramu hutozwa kodi.

Marekebisho ya 21 yalifuta marufuku ya taifa, lakini majimbo yalibaki na hiari. Mississippi iliendelea kukataza hadi 1966, na kuanzia 1944 ilikusanya kodi kwa pombe hiyohiyo iliyoikataza.

Kenya ilipitia jambo hilohilo kwa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, iliyopigwa marufuku kwa sheria ya 1980. Katika Mathare, Nairobi, wapishi waliendelea kando ya mto huku wakitoa hongo kwa polisi, na Novemba 2006 kundi la Mungiki na lile lililojiita Taliban yalipigana kuhusu nani atoze wapishi hao ada. Sheria ya 2010 iliihalalisha, kwa masharti: leseni, chupa ya kioo, ujazo usiopungua mililita 250. Mnywaji wa glasi moja ya bei ya chini hakuweza kumudu bei ya chupa nzima, wala mpishi hakumudu masharti, hivyo soko la siri likabaki. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kiambu na kaunti nyingine, wakati chang'aa yenyewe ilikwisha kuruhusiwa kwa miaka karibu minne.