Je, wajua kwa nini santuri hukosa besi kwenye sabufa?

Ami yangu alipofariki aliacha, pamoja na mengine, pleya ya santuri yenye kifuniko cha plastiki kilichopauka, amplifaya nzito ya Kijapani ya miaka ya 1970, spika mbili za mbao na kreti iliyojaa sahani za santuri. Pleya ilikuwa nyepesi, nikasafiri nayo kwanza. Nilipofika nyumbani nikachomoa waya wa simu kwenye sabufa, nikachomeka za pleya, nikashusha sindano taratibu. Mwimbaji akasikika kama anaimba kutoka ndani ya kopo la maziwa. Gitaa la besi halipo kabisa, matoazi yanachoma masikio, na sauti iko chini hata nilipofungua mpaka mwisho. Nikadhani sindano imekufa. Nikadhani joto la stoo limeziharibu sahani. Kwa siku tatu niliamini kwamba alichokipenda ami kuliko vyote kimekwisha pamoja naye.

Hakikuwa kimekwisha. Nilikuwa nasikiliza nusu ya santuri. Nusu ya pili ilibaki Tanga, stoo, ndani ya lile sanduku zito nililoliacha kwa sababu ya uzito wake.

Chukua sahani yoyote uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Mistari unayoiona si mingi; ni mfereji mmoja tu unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Kuta zake zimechongwa mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo muziki wenyewe. Sindano inapopita humo huyumbishwa, na kichwa kilichoibeba hugeuza kuyumba huko kuwa umeme. Kwenye pleya nyingi za enzi ile, kijiti cha sindano kimeshika sumaku ndogo sana, na kando ya sumaku kuna koili za waya mwembamba kuliko unywele. Sumaku ikitikisika, koili hutoa umeme, lakini umeme mdogo mno, takriban milivolti 5. Simu au deki ya CD hutoa mara mia ya huo na zaidi. Hapo tumeshapata sababu ya sauti kuwa chini. Besi kupotea kuna sababu yake nyingine, na ndiyo iliyonifanya niipende santuri upya.

Sauti nzito hutikisa polepole na kwa upana. Sauti nyembamba hutikisa haraka, lakini huyumba kidogo tu. Kama wachongaji wangeacha mambo yaende yenyewe, sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde ingeyumbisha patasi ya kuchongea mara 20 zaidi ya sauti ya mitetemo 1,000 iliyorekodiwa kwa mwendo uleule wa sindano. Mpiga besi angepiga noti moja tu na mfereji ungemega ukuta wa jirani yake, kisha sindano ingeruka. Ungeweza kuachanisha mistari ili ipate nafasi, lakini basi upande mmoja wa sahani ungeisha kabla wimbo haujakolea. Ilhali sahani ya LP, yaani *long play*, ya kucheza muda mrefu, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948, ilipendwa hasa kwa kuwa iliweza kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande.

Mafundi wakafanya uamuzi wa ujasiri: kabla ya kuchonga, besi ipunguzwe. Isiondolewe, ipunguzwe kwa kipimo kinachojulikana. Kisha wakaigeukia sauti nyembamba. Mikwaruzo ya vumbi na ile *shhh* ya plastiki yenyewe hukaa huko juu, pamoja na matoazi na herufi S za mwimbaji. Kwa hiyo sauti nyembamba wakaikuza kupita kiasi kabla ya kuichonga. Wakati wa kusikiliza, amplifaya huirudisha chini mahali pake, na inaposhuka hushuka pamoja na ile *shhh*.

Kwa hiyo kila sahani hutoka kiwandani ikiwa imepindishwa kwa makusudi, na amplifaya ndiyo yenye kazi ya kuinyoosha. Mpwani atanielewa nikisema ni kama ng'onda: samaki amekaushwa ili asafiri na akae, lakini haliki mpaka jikoni arudishiwe maji aliyonyang'anywa juani. Tundu lililoandikwa PHONO nyuma ya amplifaya za zamani ndilo jiko hilo. Ndani yake mna sakiti ndogo inayoukuza ule umeme dhaifu, na papo hapo inarudisha kila kitu mahali pake. Ukilinganisha na mitetemo 1,000, besi ya mitetemo 20 hupandishwa karibu desibeli 20, yaani kama mara kumi kwa kipimo cha volti, na kule juu kabisa, kwenye mitetemo 20,000, hushushwa kiasi hichohicho. Sabufa yangu haikuwa na tundu hilo. Ilinipa ng'onda mkavu.

Zamani kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha kupunguza na kukuza. Mwaka 1954 chama cha makampuni ya kurekodi cha Marekani, RIAA, kikakubaliana kipimo kimoja, na baada ya muda dunia ikakifuata. Ndiyo maana sahani za kreti ya ami, baadhi zimetolewa Nairobi na nyingine London, karibu zote zinapita tundu moja na kutoka salama.

Tundu hilo lilipotea kwa sababu ya CD, iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 1982. CD haijapindishwa namna hiyo, na umeme wa deki yake una nguvu ya kutosha. Watengenezaji wakaona sakiti ya PHONO ni gharama isiyo na mteja, wakaanza kuiondoa. Sabufa kama yangu zilizaliwa baadaye kwa ajili ya simu, flashi na televisheni. Kuna visanduku vidogo vinavyouzwa peke yake kwa ajili ya kufanya kazi hiyo kati ya pleya na sabufa, na havina ubaya. Kuna pia pleya zenye kichwa cha kristali au seramiki, kama zile za redio kubwa za mbao zenye pleya juu. Hizo hutoa umeme mwingi na hujirekebisha zenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo hazihitaji tundu la PHONO. Lakini mimi nilikuwa na sakiti yangu tayari, iliyotengenezwa zama zile santuri ikiwa mfalme wa sebule. Nikarudi Tanga.

Fundi redio niliyempelekea ni mzee aliyewahi kumtengenezea ami mwenyewe. Baada ya shikamoo na pole za msiba, aliniuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, umeshaichomeka kwenye umeme?"

"Bado, mzee."

"Basi umeiokoa."

Akanieleza sababu huku akifungua skrubu. Kapasita kubwa za ndani, zile zilizosimama kama makopo, zina karatasi ya alumini yenye ngozi nyembamba sana ya oksidi. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia umeme kupita pasipotakiwa. Amplifaya ikilala miaka mingi bila umeme, ngozi hudhoofika. Ukiipiga na umeme wote kwa ghafla inaweza kutoboka, na kapasita ikifa huenda ikaondoka na transista. Lakini ukiuleta umeme kwa upole, ngozi hujijenga upya.

Upole wenyewe ulikuwa balbu. Akachukua holda, akaweka balbu ya zamani ya wati 100, ile yenye kiwaya ndani, wala si ya LED, akaiunga kwenye njia ya waya ili umeme uipitie kwanza kabla ya kufika kwenye amplifaya. Akabonyeza swichi. Balbu ikawaka kwa nguvu, uso wake wote ukaonekana, kisha ikaanza kufifia polepole mpaka kiwaya kikabaki chekundu kama ncha ya kijiti cha udi. "Imekubali," akasema, akavuta kiti. Kama ingebaki inawaka vilevile, maana yake kuna shoti mahali, na kilichowaka kingekuwa balbu tu, si transfoma ya miaka 50 isiyo na mbadala dukani. Aliiacha hivyo muda mrefu, akipitisha kipimo chake sehemu moja baada ya nyingine, kabla ya kuithubutisha na umeme kamili.

Naomba hapa niseme jambo kwa uzito wote: usiifungue mwenyewe kama hujui. Kapasita hizo hushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na hazikupi onyo.

Kapasita nne zilikuwa zimevimba vichwa; akazibadilisha. Hili ndilo linaloniridhisha katika vyombo vya enzi hizo. Kila kipande unakiona kwa macho, kina miguu yake, kimelehemiwa peke yake, kinatoka peke yake. Nobu ya sauti ilikuwa ikikwaruza kila ikizungushwa, na upande wa kushoto ukikatika. Ndani ya nobu kuna njia ya kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Vumbi na hewa ya chumvi vikikaa hapo, muziki unakatika. Dawa yake ni spreyi ya kusafishia viunganishi vya umeme, kisha kuizungusha huku na huku mara nyingi. Wala si mafuta ya kulainisha bawaba za mlango, maana hayo huacha utelezi unaokusanya vumbi jipya.

Spika zilinihuzunisha kidogo. Nilipogusa ukingo wa koni, ile pete laini inayoishikilia, ikawa unga mweusi kwenye kidole. Pete nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa za sifongo, na sifongo huoza lenyewe hata spika isipopigwa. Joto na unyevu wa pwani huharakisha. Koni na koili vilikuwa vizima. Pete mpya ikabandikwa kwa gundi, ikaachwa ikauke vizuri, basi. Spika zenye pete za mpira au kitambaa huishi zaidi, kwa hiyo ukienda kununua mtumba, bonyeza ukingo kwa kidole kabla ya kutaja bei.

Na kwa kuwa nimetaja mtumba: geuza chombo usome kibao cha nyuma. Vilivyotengenezwa kwa soko la Japani vinataka volti 100, na umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka moja kwa moja umekiua. Transfoma ya kushusha umeme hutatua hilo, ila kwa pleya huenda isitoshe. Baadhi ya pleya zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira zina mota inayofuata mapigo ya umeme wa ukutani. Iliyotengenezwa kwa Marekani inategemea mapigo 60 kwa sekunde, na hapa ni 50. Sahani ya mizunguko 33⅓ kwa dakika itazunguka kama mara 28 tu, na mwimbaji wa kike atasikika mwanamume aliyechoka. Dawa ni kubadilisha kapi la mota. Pleya kama Technics SL-1200, iliyotoka mwaka 1972, haina shida hii ya mwendo, kwani mota yake haifuati mapigo hayo.

Ya pleya yenyewe yalikuwa machache. Mkanda wa mpira ulikuwa umelegea, nikaweka mpya. Sindano nayo nikabadilisha, kwa sababu hata almasi huchakaa, kwa kawaida baada ya saa 500 hadi 1,000, na sindano iliyochakaa hupalilia mfereji badala ya kuusoma. Juu ya kichwa nilikuta sarafu imebandikwa kwa gamu. Nimeiona nyumba nyingi. Watu huiweka ili sindano isiruke. Nikaiondoa, nikarekebisha uzito wa mkono kwa kuzungusha kile kizani cha nyuma yake hadi gramu 2, kama kichwa kile kilivyotaka. Mwisho nikafunga ule waya mwembamba wa tatu kwenye skrubu iliyoandikwa GND, yaani ethi. Usipoufunga, spika huguruma kama friji.

Nilianza na sahani ileile iliyonivunja moyo. Besi iliingia kabla ya mwimbaji, nzito, ya mviringo, ikitembea chini ya magitaa, na glasi za kabatini zikaitikia. Mama mdogo alikuwa jikoni akikuna nazi. Akaacha mbuzi, akaja hadi mlangoni na mikono yake myeupe, akasimama pale mpaka upande ukaisha.

Chini kabisa ya kreti mna sahani tatu nzito za mizunguko 78, za lakiri, zile zinazovunjika kama kigae zikianguka. Hizo sijazipiga. Mfereji wake ni mpana, unahitaji sindano nene kama mara nne ya hii niliyonayo, na hata tundu la PHONO haliziwezi sawasawa, kwani ni za zama za Siti binti Saad, na alipovuka bahari kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, kipimo cha 1954 kilikuwa hakijazaliwa. Sindano nimeshaiagiza. Nobu za besi na trebo zitafanya kazi iliyobaki, kwa sikio.