Maneno 300 kabla ya kwenda kazini: kuandika historia kila siku

Kinachomkwamisha mwandishi wa vitabu visivyo vya kubuni mara nyingi si uvivu. Ni kwamba kila sentensi anayoiandika inadai ushahidi. Mtunzi wa riwaya akikwama anaweza kubuni; mwandishi wa historia au wasifu hufungua intaneti kutafuta tarehe moja, saa nzima ikaisha na aya haijaongezeka. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalosisitiza ni kutenganisha saa ya kuandika na saa ya kutafuta.

Tuseme unaandika sura kuhusu reli ya Uganda na takwimu hazikujii. Andika hivi: "Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka XX, kwa nguvu za vibarua XX walioletwa kutoka India." Kisha songa mbele. Maneno ya Kiswahili hayana herufi X, kwa hiyo ukiiambia kompyuta itafute XX itakuonyesha mapengo yako tu. Jumamosi keti kwa muda wa saa mbili na vitabu vyako ujaze: 1901, zaidi ya 30,000. Papo hapo andika jina la kitabu na ukurasa. Ukiliahirisha hilo, utakuja kupekua kitabu kizima upya kwa sababu ya namba moja.

Kuhusu kiasi, maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni 1,500. Rasimu ya kwanza ya kitabu cha maneno 60,000 inakamilika kwa wiki 40. Wengi huona 300 ni kidogo mno, wakajipangia 1,000. Siku chache tu wamemaliza yote waliyokwisha kuyasoma, wanaanza kuzungukazunguka hoja ileile, na hapo ndipo wanapoacha. Huwezi kuandika zaidi ya ulichosoma. Ukifika 300 na kalamu bado inakwenda, endelea hadi 500, kisha simama hata kama unaijua sentensi inayofuata. Iandike pembeni kwa ufupi. Kesho utaanzia hapo.

Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyekuwa pia mfanyakazi wa posta, alikuwa mezani saa 11:30 alfajiri, akaweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Kasi hiyo simshauri mtu anayeandika kwa ushahidi. Nusu saa ya kwanza aliitumia kusoma alichoandika jana yake. Mwenye dakika 45 tu hana nafasi hiyo. Soma aya ya mwisho peke yake. Anayerudi ukurasa wa kwanza kila asubuhi huishia na sura ya kwanza iliyosuguliwa ikang'aa na sura ya nne isiyozaliwa.

Maandalizi hufanyika usiku. Kabla ya kulala, andika swali moja kwenye karatasi na uiweke juu ya daftari pamoja na kadi mbili tatu za dondoo zinazolihusu. Usiandike "Sura ya 3: vibarua." Andika "Vibarua wa reli walilipwaje, na nani walibaki mikataba yao ilipokwisha?" Kichwa cha sura hukuacha ukiikodolea macho karatasi tupu. Swali linataka jibu, na jibu lake ndilo aya ya kesho. Simu ilale chumba kingine.

Siku zitapotea: msiba, mtoto kuugua, umeme kukatika. Usijilipishe deni. Ukikosa siku mbili, ya tatu ni maneno 300, si 900. Deni likishafika 1,500 watu huanza kulikwepa daftari lenyewe. Siku ngumu kabisa andika maneno 50 kwa mkono, yanatosha.

Kwa wanaofunga, Ramadhani ratiba ihame mapema, si baada ya kukwama. Muda kati ya daku na adhana haupimiki vizuri. Chukua dakika 30 baada ya swala ya alfajiri, kichwa kikiwa bado na nguvu, na alasiri uifanye ya kujaza XX na kupanga kadi.