Je, wajua kwa nini Warumi walifulia chuma kwa makaa ya mawe lakini hawakuyatumia kuyeyushia mawe ya chuma?

Warumi waliyajua makaa ya mawe vizuri. Tangu miaka 300 hivi kabla ya Kristo, Mgiriki Theophrastus alikwisha kuandika juu ya makaa yanayochimbwa ardhini huko Liguria (Italia) na Elis (Ugiriki), na kwamba wahunzi walikuwa wakiyatumia. Katika jimbo la Britannia, yaani Uingereza ya leo, ambako tabaka za makaa ya mawe hutokeza juu ya ardhi, kufikia mwishoni mwa karne ya 2 yalikuwa yakichimbwa karibu kila yanakopatikana. Kwenye ngome ya Housesteads, katika Ukuta wa Hadrian, boma la Warumi kaskazini mwa jimbo hilo, akiba yake imekutwa ndani ya chumba cha walinzi wa lango.

Hata hivyo, tanuri za kutoa chuma kwenye mawe yake ziliendelea kulishwa mkaa wa kuni. Hiyo haikuwa ushamba wala uzito wa kubadilika. Fundi wa tanuri alikuwa na sababu mbili, na zote mbili ni nzito.

Ya kwanza ni pumzi ya tanuri. Mkaa na mawe ya chuma yaliyopondwa hutiwa kwa tabaka, uzito ukikaribiana, huku mivukuto ikisukuma hewa kutoka chini. Gesi ya kaboni monoksidi lazima ipande katikati ya vipande ili iondoe oksijeni kwenye mawe. Makaa ya mawe ya aina nyingi, yakifika nyuzi 400 hivi za Selsiasi, hulainika, huvimba na kugandamana. Njia za gesi huziba, tanuri ikafa.

Ya pili ni salfa, na hii ndiyo inayoharibu kazi yenyewe. Mkaa wa kuni una salfa kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 0.1, ilhali makaa ya mawe mara nyingi huwa na asilimia 1 hadi 3. Tanuri ya Kirumi ilifanya kazi kwenye nyuzi 1,200 hivi. Joto hilo huyeyusha mavi ya chuma, yaani takataka za mawe yake, yakatiririka, lakini chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka nyuzi 1,538. Hubaki donge lenye matundu, likikaa saa nyingi ndani ya gesi na makaa yaleyale, na salfa huingia mpaka ndani. Salfa ikiungana na chuma hufanya mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 988 tu, nao hujipanga kwenye mipaka ya chembe za chuma. Donge likitolewa jekundu na kupigwa nyundo, mipaka hiyo tayari ni majimaji: chuma hupasuka na kumeguka juu ya fuawe. Likipoa linaweza kuonekana zima kabisa. Manganizi, metali nyingine, ingeifunga salfa hiyo, lakini chuma cha tanuri hizo kwa kawaida kilikuwa nayo kidogo mno.

Kwa mhunzi mambo ni tofauti. Chuma chake kimeshakuwa chuma, hukaa motoni dakika chache, na salfa inayogusa uso hubanduka pamoja na magamba anapokipiga. Tena makaa mabichi huwekwa pembeni mwa moto kwanza, moshi na sehemu ya salfa viondoke, ndipo yasogezwe katikati. Hata kule kugandamana kunamfaa: ganda hufanya paa juu ya moto na kushika joto la kuunganishia vipande viwili vya chuma. Gunia la makaa ya mawe lina nishati ya takriban magunia matatu ya mkaa, jambo kubwa kwa ngome yenye msitu mbali. Kero yake ni majivu: huyeyuka yakawa mabonge ya kioo mbele ya bomba la hewa, na yasipoopolewa kwa ndoano, moto hupoa.

Wanaochimbua karakana za kale huyatafuta mabonge hayo, pamoja na vipande vya makaa vilivyonasa ndani ya mavi ya chuma. Ni ushahidi unaohitajika kabla ya kupima umri wa chuma kwa kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua kadiri miaka inavyopita. Kaboni ya makaa ya mawe ni ya mamilioni ya miaka na haina tena kaboni-14, hivyo chuma kilichofyonza kiasi chake kitasomeka kikongwe kwa maelfu ya miaka kuliko umri wake halisi.