Barua ya uteuzi haitoshi: dhana potofu kuhusu kukua katika uongozi wa shule

Wengi huingia ofisi ya mkuu wa shule wakiwa na mawazo waliyoyarithi kwa waliowatangulia. Baadhi ya mawazo hayo ni sahihi. Haya yafuatayo si sahihi, na huwachelewesha hata watu wenye bidii.

"Mwalimu hodari atakuwa mkuu hodari."

Umahiri wa kufundisha ni msingi mzuri, kwani walimu hawamsikilizi kwa urahisi mtu asiyelijua darasa. Lakini mwalimu hupata matokeo kwa kazi yake mwenyewe, na mkuu huyapata kupitia kazi ya wengine. Huo ni ufundi mwingine, wa kujifunza upya.

Chukua ratiba. Tuseme shule ina mikondo 12, na kila mkondo una vipindi 40 kwa wiki: jumla 480. Walimu ni 18, kila mmoja anabeba vipindi 26: jumla 468. Vipindi 12 havina mwenyewe. Asiyepiga hesabu hii wakati wa likizo ataikuta wiki ya kwanza ya muhula, darasa limekaa bila mwalimu na walimu wakivutana nani aongezewe mzigo. Hata jumla zikilingana, bado ni lazima kuhesabu somo kwa somo, maana nafasi aliyobaki nayo mwalimu wa historia haizibi pengo la hisabati.

Mambo haya yasingoje cheo. Ukiwa bado mkuu wa idara au naibu, omba kupanga ratiba ya muhula mmoja, andaa makadirio ya matumizi ya idara, endesha kikao na uandike muhtasari wake.

"Nikipita madarasani kila siku, ninaongoza ufundishaji."

Hii ndiyo dhana tunayoipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu inafanana sana na kazi yenyewe. Mwaka 2013 Jason Grissom, Susanna Loeb na Benjamin Master walichapisha utafiti wa wakuu wa shule za Miami-Dade, Marekani, ambao shughuli zao zilirekodiwa na watu waliowafuata siku nzima. Muda uliotumika kuwanoa walimu uliendana na maendeleo mazuri zaidi ya wanafunzi. Muda wa kupitapita madarasani uliendana na maendeleo hafifu, hasa katika sekondari. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba mara nyingi ziara hizo hazikuwa sehemu ya mpango wowote wa kuwasaidia walimu.

Kwa hiyo punguza idadi ya ziara, ongeza uzito wake. Kaa dakika 20. Andika kilichotokea, usiandike hukumu: maswali mangapi yaliulizwa, mwalimu alisubiri sekunde ngapi kabla ya kumtaja mwanafunzi, na ni wanafunzi wangapi tofauti waliojibu. "Somo zuri, ongeza ushirikishwaji" haimsaidii mtu. "Uliuliza maswali 14, na 11 yalijibiwa na wanafunzi wale wale watatu wa mbele" inamwonyesha pa kuanzia.

Zungumza naye faraghani siku hiyo hiyo au kesho yake. Kubalianeni jambo moja tu, kwa mfano kusubiri sekunde 3 hadi 5 baada ya swali, kisha rudi ndani ya wiki mbili kuangalia jambo hilo hilo. Wengi hukwama hapo: hawarudi, na mwalimu anahitimisha kuwa ule ulikuwa ukaguzi tu. Tena, ziara za kumsaidia mwalimu zisichanganywe na zile za kumpima kwa ajili ya cheo. Zikichanganywa, atakuandalia somo la maonyesho na hutaona kazi yake ya kila siku.

"Kukasimu majukumu ni kujipunguzia kazi."

Mwanzoni huiongeza. Unayemkabidhi kazi anapaswa kujua mambo manne: matokeo yanayotakiwa, maamuzi anayoweza kufanya bila kukuuliza, muda na fedha alizonazo, na siku ya kukutana katikati ya kazi. Linalosahaulika ni la pili. Mwalimu anapewa kusimamia mitihani ya ndani lakini hawezi kubadilisha hata chumba bila ruhusa, hivyo kila swali linarudi mezani kwa mkuu, naye analalamika kuwa wasaidizi wake hawawezi kazi. Akikosea, msahihishe na umwachie kazi yake. Panapogusa usalama wa watoto au fedha, ingilia mara moja, maana wewe ndiye utakayewajibika.

"Hesabu ni za mhasibu."

Saini ni yako. Anayeomba ununuzi asiwe yeye anayeuidhinisha, wala yeye anayepokea vifaa. Kila mwezi linganisha mwenyewe daftari la fedha na taarifa ya benki, na kila tofauti ipate maelezo ya maandishi.

"Miaka kazini italeta ukomavu."

Miaka 10 inaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara 10. Pima unavyofanya kazi: kwa wiki moja kila muhula, andika kila nusu saa ulikuwa unafanya nini, kisha gawa katika mafungu kama ufundishaji, wazazi, fedha, nidhamu na dharura. Dharura zikiwa zimemeza wiki, angalia zipi zingeweza kuishia kwa mwalimu wa zamu. Tenga vipindi viwili kwa siku kwa ajili ya madarasa, na umwambie katibu muhtasi ni mambo gani pekee yanayoruhusu kukukatiza.

Mwisho wa muhula waulize walimu, bila majina, maswali mawili: ninafanya nini kinachokusaidia kufundisha, na nini kinachokukwamisha? Majibu yajadiliwe katika kikao kinachofuata: taja lipi utalibadilisha na kuanzia lini, na lipi litabaki kama lilivyo na kwa nini. Ukikusanya maoni kisha ukanyamaza, muhula ujao utarudishiwa karatasi tupu.