Mama wa mzigo hayuko kwenye hesabu: dhana potofu kuhusu ufeministi wa wanawake Weusi

Ukitaja ufeministi, yaani madai ya usawa wa wanawake, hapa Bukavu, majibu huja kabla hujamaliza sentensi. Nimeyasikia msibani, nimeyasikia nje ya kanisa.

“Hayo ni mambo ya Wazungu.”

Anna Julia Cooper, mwalimu na mwandishi Mweusi, alizaliwa mtumwa nchini Marekani mwaka 1858. Mwaka 1892 alichapisha kitabu akisisitiza kwamba mwanamke Mweusi ajisemee mwenyewe, na mwaka 1925, akiwa na miaka 66, akapata udaktari wa chuo cha Sorbonne, Paris. Yeye na wenzake walibishana hata na wanawake Wazungu waliodai haki huku wakiwasahau Weusi. Anayeukataa mkondo huu wa wanawake Weusi kwa sababu ya uzungu amegonga nyumba isiyo yake.

“Mwanamke ni mwanamke, shida yetu ni moja.”

Hapa naomba tukae kidogo, maana hata sisi wanawake tunaiamini. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1976, wanawake Weusi watano waliishtaki General Motors, kampuni ya magari ya Marekani. Kabla ya 1964 kampuni hiyo haikuwa imewaajiri wanawake Weusi. Kazi zilipopunguzwa, waliochelewa kuingia ndio waliotolewa kwanza. Mahakama ikajibu kwamba wanawake walikuwa wameajiriwa zamani, basi hakuna ubaguzi wa jinsia. Wanawake hao walikuwa Wazungu. Kuhusu rangi, iliwaelekeza wajiunge na kesi nyingine ya ubaguzi wa rangi. Kuwa Mweusi na mwanamke kwa pamoja hakukuhesabiwa. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliifananisha hali hiyo na mtu aliyesimama njia panda: magari yanatoka pande zote, na akigongwa si rahisi kusema ni lipi lililomwumiza.

Sasa mtazame mama wa mzigo, anayebeba mizigo ya wengine kwa malipo, akipandisha gunia Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria. Sheria ya Julai 2016 ikaliondoa sharti hilo. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini aliyenufaika upesi ni mwenye kiwanja, mwenye akaunti benki, mwenye ndoa iliyoandikishwa komini. Mama wa mzigo hana hata kimoja. Katika mazungumzo ya wafanyakazi hatajwi, kwa sababu hana mkataba. Katika mikutano ya wanawake hayupo, kwa sababu saa hiyo yuko mlimani. Hilo linaniuma kuliko matusi yote ninayoyasikia.

“Wanachukia wanaume.”

Kundi la Combahee River, la wafeministi Weusi wa Marekani, lililoandika tamko lake mwaka 1977, lilikataa waziwazi kujitenga na wanaume Weusi wanaopigana na ubaguzi. Jina lilitoka kwenye mto ambako Harriet Tubman, mwanamke Mweusi aliyetoroka utumwa, aliongoza shambulio la Juni 1863 lililowakomboa watumwa zaidi ya 700, wanaume wakiwemo.

“Hiyo si falsafa, ni malalamiko.”

Patricia Hill Collins, mwanasosholojia Mweusi wa Marekani, alitetea mwaka 1990 kwamba maisha ambayo mtu ameyaishi ni chanzo cha maarifa, na kwamba swali la nani anahesabiwa kuwa mjuzi ni swali la madaraka. Muulize mama wa Kadutu bei ya mzigo inapangwaje. Atakueleza nani hukadiria uzito kwa macho, kwa nini bei hubishaniwa wakati gunia liko tayari mgongoni, na binti yupi huacha shule alee wadogo zake mama akiwa njiani.