Ufunguo wa sanduku la sadaka anao nani?

Je, watu wanaweza kuishi pamoja bila mamlaka wala serikali? Uwakili wangu hapa Moshi hunikutanisha mara nyingi na vikundi vya ibada vinavyotaka kusajiliwa. Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, inataka katiba na majina ya viongozi, na hapo ndipo wengine hugoma. "Wakili, sisi hatuna mkubwa. Anayetuongoza ni Roho Mtakatifu."

Siwabishii. Nauliza tu: ufunguo wa sanduku la sadaka anao nani? Hati ya kiwanja ina jina la nani? Hapo huanza kutazamana. Kikundi kimoja kilichangishana kikanunua kiwanja, kikakiandikisha kwa jina la mzee mwaminifu. Mzee akafariki, wanawe wakakihesabu kuwa urithi wao, na waumini hawakuwa na karatasi hata moja. Mamlaka yalikuwepo siku zote; ila hayakuandikwa popote, hivyo hapakuwa na wa kuulizwa.

Wanaoona uongozi ni mambo ya dunia nawarudisha kwenye Matendo 6: wajane walisahauliwa katika mgao wa kila siku, manung'uniko yakazuka, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia. Waislamu nao wana hadithi kwamba wasafiri watatu wamweke mmoja wao kuwa amiri. Watatu tu, jamani!

Lakini serikali ni jambo jingine: ningesema nayo ni ya lazima, ila hapa migomba yetu inanipinga. Mifongo ya Wachagga, ile mifereji inayoshusha maji kutoka Kilimanjaro, husimamiwa na wazee wa mfongo wenyewe. Wanapanga zamu, wanaitisha kazi ya kusafisha. Asiyefika hutozwa faini, akikaidi hunyimwa maji. Umangi, yaani uchifu wa Wachagga, ulifutwa mwaka 1963, maji yakaendelea kushuka. Kwa hiyo jamii isiyohitaji polisi nimeiona. Isiyo na mamlaka kabisa, bado.

Tena mfongo una bahati moja: wizi wake unaonekana. Ukiiba zamu, shamba la jirani linakauka na mtaa mzima unajua. Sadaka haikauki mbele za watu. Ndiyo maana nasisitiza wadhamini wasajiliwe chini ya Sura ya 318 ya sheria zetu, ili kiwanja kiwe mali ya chombo, kisiwe cha mtu.

Kisha nasoma rasimu waliyoniletea. Kurasa tatu za sifa za mchungaji, ukurasa mzima wa namna ya kumsimika. Namna ya kumwondoa, hata mstari mmoja hamna.